TV haina tundu la ekuteri? Tazama kwanza dekoda yako

KATIKA mtaa wa Buyenzi hapa Bujumbura, chumba cha huyu na chumba cha yule hutenganishwa na ukuta mmoja wa tofali, na mara nyingi ukuta wenyewe haufiki juu kwenye bati. Kwa hiyo televisheni ya mpangaji mmoja ni televisheni ya wapangaji wote. Anayepika ataisikia, anayesali ataisikia, na mtoto mwenye mtihani kesho yake ataisikia kuliko wote. Zamani za TV ya chogo jambo hili lilikuwa na dawa yake. Pembeni au mbele ya TV nyingi kulikuwa na tundu dogo la kuchomeka hedifoni, ambazo sisi huku tumezoea kuziita ekuteri. Ukichomeka, spika za TV zinanyamaza, nawe unaendelea na mpira wako bila kugombana na mtu.

TV za chogo zimekwenda, na kwa watu wengi tundu lile limekwenda pamoja nazo. Kati ya TV bapa zinazoingia nchini kupitia Kobero na Mugina, zipo zenye tundu hilo na zipo zisizo nalo. Mnunuzi huligundua hilo akiwa amekwisha kufika nyumbani, boksi limechanwa na watoto wanalichezea uani. Hapo ndipo safari ya kutafuta waya inapoanza, na ndipo fedha zinapopotea.

Naandika makala haya kwa sababu ya visa viwili nilivyovishuhudia kwa macho yangu. Mimi si mhandisi, lakini kabla ya kuingia katika kazi ya uandishi nilikaa miaka michache katika kibanda cha kutengeneza redio, na mpaka leo majirani huniletea vifaa vyao kana kwamba sijawahi kuacha.

Kisa cha kwanza ni cha mzee mmoja aliyerejea kutoka kambi ya Nduta, mkoani Kigoma, katika zoezi la kurejea kwa hiari lililoanza Septemba 2017. Sasa anakaa kwa binti yake. Masikio ya mzee yamechoka. Miaka ya ukimbizini ilimzoesha taarifa ya habari ya Kiswahili kutoka Tanzania, ile ya saa mbili usiku, ambayo kwa saa zetu za huku ni saa moja. Ikifika saa hiyo sauti hupandishwa mpaka bati linatetema, na haishuki tena hadi mzee aende kulala. Binti yake huamka saa tisa za usiku kuwahi mzigo wa mboga, kwa hiyo saa mbili angependa awe amekwisha kulala.

"Tumefika mahali baba anataka arudi Makamba akaishi peke yake," aliniambia yule dada. "Mtu wa miaka sabini na kitu, kisa sauti ya televisheni! Nimwambie nini, kaka? Nikimwambia apunguze, hasikii. Nisipomwambia, mimi silali."

Wazo la ekuteri lilikuwa lao wenyewe. Walichokosa ni mahali pa kuzichomeka.

Kisa cha pili ni cha kijana mmoja muuza vocha. Huyu alinunua TV ya inchi 32 Kariakoo, akaibeba kwa basi mpaka Kigoma, akavuka nayo Manyovu, akaifikisha salama bila mkwaruzo. Alipoona haina tundu la ekuteri, akaipeleka kwa fundi. Fundi akafungua mgongo, akakata nyaya za spika, akalehemu tundu jipya pembeni, kazi safi ya kupendeza macho. TV ikasikika kwenye ekuteri kwa dakika chache, kisha ikanyamaza jumla. Ekuteri hakuna, spika hakuna. Ikabaki picha ya watu wanaofungua na kufunga midomo.

Fundi yule hakuwa tapeli. Alifanya jambo ambalo katika vyombo vingi vya zamani lilikubali. Katika redio na TV nyingi za zamani, kila spika ilikuwa na nyaya mbili, mmoja unaoleta sauti na mwingine uliounganishwa na ardhi ya chombo. Nyaya hizo za ardhi ukizikutanisha pamoja hakuna ubaya, kwa kuwa zote ni kitu kimoja. Katika TV bapa za leo mambo mara nyingi ni tofauti. Nyaya zote mbili za spika huwa zinasukumwa na amplifaya, huu ukienda huku na ule ukienda kule, na hakuna hata mmoja ulio ardhi. Sasa tazama plagi ya ekuteri: ncha ni sikio la kushoto, pete ya katikati ni sikio la kulia, na sehemu ya mwisho ni ya masikio yote mawili. Ukiunganisha plagi ya namna hiyo na nyaya za spika za TV bapa, unakuwa umefunga pamoja nyaya mbili ambazo hazikupaswa kugusana. Amplifaya mbili zinashindana mieleka ndani ya kipande kimoja cha plastiki chenye ukubwa wa kucha, na anayeshindwa ni mwenye TV.

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa mwenye TV isiyo na tundu ni kwamba asikubali ifunguliwe. Na kama ni ya chogo, asikubali mara mbili, kwa sababu ndani ya chogo umeme mkali hubaki hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Sauti inaweza kutolewa bila kugusa skrubu hata moja. Linalotakiwa ni kujua ni tundu lipi linatoa na lipi linaingiza, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama, wakiwemo wauzaji. Geuza TV yako usome maandishi ya nyuma. Neno IN maana yake kitu kinaingia, neno OUT maana yake kinatoka. TV nyingi nyembamba zina tundu la milimita 3.5, sawasawa kabisa na lile la ekuteri, lakini pameandikwa AV IN au PC AUDIO IN. Hilo ni mlango wa kuingilia. Ukichomeka ekuteri humo plagi itaingia vizuri, italia "tki" kama kawaida, na hutasikia chochote hata ukikaa mpaka alfajiri. Hali kadhalika matundu ya rangi nyekundu, nyeupe na njano. Katika TV nyingi hayo ni ya kuingiza picha na sauti kutoka kwenye deki, si ya kutoa. Nimemwona mtu akinunua waya wa nyekundu na nyeupe unaoishia kwenye tundu la ekuteri, akarudi dukani siku ya pili akidai ameuziwa waya mbovu. Waya haukuwa na kosa lolote, ila alikuwa anachota maji kwenye mdomo wa faneli.

Ikiwa nyuma ya TV yako hakuna tundu lolote lenye neno OUT, usikate tamaa, na wala usiende dukani kwanza. Nenda kwenye dekoda, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaiita king'amuzi.

Hebu tufikiri pamoja. Wengi wetu hapa TV ni kioo tu. Taarifa ya habari, mpira, tamthilia, vyote vinaingia kwanza kwenye dekoda, na dekoda ndiyo inayoipa TV picha na sauti. Ikiwa umeunganisha dekoda na TV kwa waya wa HDMI, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba nyuma ya dekoda yako matundu mengine yamekaa bure, likiwemo jekundu na jeupe, au moja dogo lililoandikwa AV. Hayo ni ya kutoa. Katika dekoda nyingi yanaendelea kutoa sauti hata kama HDMI inafanya kazi. Sauti unayoitafuta imekuwa ikimwagika hapo siku zote, hakuna aliyeikinga.

Ukiichukua moja kwa moja kwa ekuteri, hata hivyo, utasikia sauti nyembamba kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Sababu ni kwamba matundu hayo yametengenezwa kuipa sauti amplifaya, hayana nguvu ya kusukuma ekuteri. Panahitajika kitu katikati cha kuipa nguvu, na ambacho pia kitakuwa na kitufe cha kupandisha na kushusha. Maduka yanauza vijiamplifaya vya ekuteri vya kazi hiyo. Lakini kabla ya kununua, angalia ndani ya nyumba yako. Je, una redio yenye tundu la AUX na tundu la ekuteri? Je, kuna spika zile ndogo za kompyuta, zenye tundu la ekuteri mbele? Chochote kati ya hivyo kinafaa. Waya wa nyekundu na nyeupe unatoka kwenye dekoda, unaishia na plagi ya milimita 3.5, unaingia kwenye AUX ya redio, na ekuteri zinaingia mahali pake pa siku zote.

Kwa yule mzee wetu ndivyo tulivyofanya. Redio ilikuwepo, tena ile ile aliyotoka nayo Nduta, imefungwa mpira wa baiskeli mahali pa mfuniko wa betri. Tulichonunua ni waya mmoja tu. Redio ikawekwa juu ya kigoda karibu na kiti chake, ikawashwa upande wa AUX, ekuteri masikioni. Mzee alisikiliza kidogo, akazungusha kitufe cha redio kwa mkono wake mwenyewe, akatazama huku na huku.

"Huyu mtangazaji kumbe ana kikohozi," alisema.

Kuna faida moja hapo ambayo hata TV yenye tundu lake la ekuteri mara nyingi haina. Nilisema hapo juu kwamba katika TV za zamani ukichomeka ekuteri, spika hunyamaza, na mambo yanakuwa ya mtu mmoja. Lakini sauti ikitoka kwenye dekoda, spika za TV hazijui habari hiyo. Mzee anapandisha redio yake atakavyo, na wajukuu wanasikiliza TV hiyo hiyo kwa sauti ya chini. Ikifika saa mbili rimoti inashusha ya TV mpaka sifuri, na ya mzee inaendelea. Kwa nyumba yenye mtu mzima asiyesikia vizuri, huu ni mpango bora kuliko ule wa chogo tunaoulilia.

Lakini lazima niseme na mipaka yake. Ukichomeka flashi kwenye TV, au ukitazama kitu kutoka kwenye TV yenyewe bila dekoda, sauti hiyo haipiti kwenye dekoda, hivyo ekuteri zitakaa kimya. Jambo la pili ni lile tundu dogo moja la AV nyuma ya dekoda ndogo. Ndani yake mna sauti mbili na picha kwa pamoja, na plagi yake ina pete tatu badala ya mbili. Usichomeke ekuteri humo moja kwa moja, maana unaweza kusikia picha, yaani mngurumo kama wa nyuki kwenye sikio moja. Tumia waya uliokuja na dekoda, uache ile njano ikining'inia, utumie nyekundu na nyeupe. Na ikiwa waya huo umepotea, usichukue wa dekoda nyingine kwa kudhani zote ni sawa, kwa sababu mpangilio wa pete hutofautiana kutoka kiwanda hiki hadi kile.

Turudi sasa kwa wale wanaotaka sauti itoke kwenye TV yenyewe. TV nyingi bapa ambazo hazina tundu la ekuteri zina tundu la mraba lililoandikwa OPTICAL. Ukichungulia wakati TV imewashwa, utaona mwanga mwekundu. Mwanga huo ndio sauti. Teknolojia hii ilianzishwa na kampuni ya Toshiba ya Japani mwaka 1983, na waya wake haupitishi umeme bali mwanga, ndiyo maana haupendi kukunjwa kwa nguvu. TV nyingine badala ya mwanga zina tundu moja la duara lililoandikwa COAXIAL. Yote mawili hutoa sauti kwa namba, na ekuteri hazijui kusoma namba. Panahitajika kijisanduku cha kugeuza, kinachoitwa DAC, kidogo kama boksi la kiberiti, chenye kupokea mwanga upande mmoja na kutoa sauti ya kawaida upande mwingine. Umeme wake ni volti 5, ambazo unaweza kuzichukua kwenye USB ya TV hiyo hiyo.

Asilimia kubwa ya vijisanduku ninavyoletewa kwa madai kwamba ni vibovu ni vizima. Kwanza, ncha za waya wa mwanga hufunikwa kiwandani na kofia ndogo za plastiki zinazoona upande wa pili. Watu huzichomeka na kofia zake, au wakazisukuma kwa nguvu wakidhani tundu ni bovu. Pili, na hili ndilo kubwa, TV huwa inatoa namba za aina ambayo kijisanduku cha bei nafuu hakiifahamu. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, tafuta sehemu ya sauti ya kidijitali inayotoka, uchague PCM badala ya Dolby, Bitstream au Auto. Kijisanduku kilichokuwa kimya au kikikwaruza kitaanza kuongea papo hapo. Neno hilo PCM mfanyabiashara aliandike kwenye kikaratasi na kukibandika kwenye kila boksi analouza. Atapunguza wateja wanaorudi na hasira.

Ununuapo, chagua chenye tundu la ekuteri na kitufe chake cha sauti. Kwenye njia hii ya mwanga rimoti ya TV kwa kawaida haina amri, na kijisanduku kisicho na kitufe kitakupa sauti ya kiwango kimoja tu, upende usipende.

Kuhusu HDMI sitakaa sana. Ipo njia ya sauti kurudi kupitia waya huo, iitwayo ARC, iliyoingizwa katika toleo la HDMI 1.4 mwaka 2009, na vipo vijisanduku vya kuichomoa. Ni njia nzuri pale TV haina OPTICAL wala COAXIAL, lakini hakikisha kwamba tundu la TV limeandikwa ARC na kwamba boksi la kijisanduku nalo linasema hivyo. Moja bila jingine ni hasara. Na tundu la USB? Hilo kwa TV nyingi ni la kusoma flashi na kutoa umeme. Ekuteri za USB zitawaka taa na kunyamaza.

Sasa Bluetooth, ambayo ndiyo inayopendwa na vijana, na ndiyo iliyomtia hasara mama mmoja wa Mugina ninayemfahamu. Alirudi na katoni nzima ya vidude vya Bluetooth alivyouziwa jijini Dar es Salaam kwa maneno kwamba "vinaunganisha TV na hedifoni". Aliponionyesha kimoja nikaona kimeandikwa RX tu.

"Mama, hivi ni vya kupokea," nikamwambia. "Mtu anakichomeka kwenye redio ya gari, kinapokea muziki wa simu. TV inataka cha kutuma."

"Si vyote ni Bluetooth?" akauliza.

Vyote ni Bluetooth, kama vile mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea vyote ni milango. Kidude cha kutuma huandikwa TX. Vipo vyenye swichi ya TX na RX kwa pamoja, na kwa mfanyabiashara wa mpakani hivyo ndivyo vya kubeba, kwa kuwa mwenye gari atanunua na mwenye TV atanunua. Yule mama alivisukuma vyake kwa madereva wa teksi kidogo kidogo kwa miezi mingi. Mtaji hakuupoteza wote, lakini ulilala, na mtaji uliolala kwa mtu anayevuka mpaka kila wiki ni sawa na mguu uliovunjika.

Kidude cha TX nacho kinahitaji kupewa sauti. Kinachomekwa kwenye nyekundu na nyeupe ya dekoda, au kwenye OPTICAL ikiwa kina tundu la mwanga. Hakifanyi muujiza kwenye TV isiyotoa kitu. Kama TV yako ni ya kisasa yenye intaneti, chungulia kwanza kwenye mipangilio; nyingine zina Bluetooth ya kutuma ndani yake, ingawa kuna zilizo na Bluetooth kwa ajili ya rimoti peke yake.

Kuna kasoro moja ya Bluetooth ambayo wauzaji hawaitaji, nayo ni kuchelewa. Sauti hufungashwa, ikatumwa hewani, ikafunguliwa masikioni, na katika vifaa vya kawaida safari hiyo inaweza kuchukua kama sehemu ya tano ya sekunde. Kwa muziki hutajua. Kwa taarifa ya habari utaona mdomo wa msomaji umefungwa na neno bado linakuja. Kwa mpira, jirani atashangilia kabla yako, ingawa mnatazama TV moja. Mipangilio ya TV ya kuchelewesha sauti haisaidii hapo, kwani inaichelewesha zaidi wakati tunachotaka ni kuiwahisha. Zipo aina zinazopunguza tatizo, kama ile iitwayo aptX Low Latency, inayoshusha kuchelewa hadi milisekunde 40 hivi, lakini lazima iwepo kwenye kidude na kwenye ekuteri pia. Ikiwa upande mmoja hauna, umelipia jina. Mimi, kwa mtu mzima anayekaa kwenye kiti kimoja, nachagua waya. Hauchelewi, hauhitaji kuchajiwa, na mchana ambao umeme ulikatika haumwachi mzee na ekuteri zilizokufa usiku umeme ukirudi.

Kwa wale wanaopitisha vifaa hivi mpakani, neno moja la ushuru. Nimesikia wengi wakisema kwamba mzigo mdogo haulipiwi kwa kuwa nchi zetu zote ziko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia rasmi Julai 2007. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, ule wa cheti kinachotolewa pale pale mpakani kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Mchele wa Tanzania unaingia humo. Kidude kilichotengenezwa China hakiingii kwa sababu tu kimenunuliwa Kariakoo. Kipigie hesabu ya ushuru kabla ya kupanga bei, na udai risiti dukani, kwa sababu bila risiti thamani itakadiriwa na mtu mwingine.

Na mkiwa huko huko dukani, jaribuni. Mwenye duka ana TV na ana dekoda. Chomeka, sikiliza sikio la kushoto, sikiliza la kulia, tikisa waya pale unapoingia kwenye plagi. Kubali dakika tano za kununiwa, kwani ni nafuu kuliko kurudi Dar es Salaam. Kwa waya wa ekuteri, beba na virefusho vya mita tatu hadi tano, maana ekuteri za simu hufika mita moja na kidogo, na hakuna anayetazama TV ya inchi 32 kwa umbali huo. Wauzieni wateja pamoja na onyo: waya upite kando ya ukuta, usikatize chumba. Mtoto akijikwaa kwenye waya uliotoka kwenye dekoda, dekoda itaanguka. Akijikwaa kwenye waya uliotoka kwenye TV, kitakachoanguka ni kizito zaidi, na kitamwangukia yeye.

Limebaki suala la masikio yenyewe. Mtu asiyesikia vizuri akipata kitufe chake mwenyewe, atakipandisha mpaka mwisho, na hakuna jirani wa kugonga ukuta kumzuia. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda unashuka hadi saa nne tu kwa wiki nzima. Hatuna kipimo cha desibeli majumbani, lakini ipo njia ya kienyeji: ikiwa aliyekaa pembeni anasikia kila neno linalotoka kwenye ekuteri zako, sauti imezidi. Shirika hilo hilo linasema watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma. Kwa hiyo mzee anayepandisha TV si mkaidi, na ekuteri si tiba. Sikio lililoziba ghafla, linalotoa usaha, au linalouma, lipelekwe kituo cha afya, kwa sababu wakati mwingine ni nta tu, na wakati mwingine ni jambo lisilosubiri. Yule dada wa mboga nilimshauri ampeleke baba yake, akampeleka, na sikio moja likakutwa na nta ya miaka. Kitufe cha redio kikashuka kidogo. Lile jingine ndilo la uzee.

Na kwa kuwa umeme wetu tunaufahamu, ukikatika wakati umevaa ekuteri, zivue kwanza. Unaporudi, dekoda na amplifaya huwaka kwa mshindo, na mshindo huo hupita kwenye waya kabla hujawahi kunyoosha mkono kwenye kitufe.